Mkwe na Mke wa Mwana Kwenye Skrini za Mzee Harold

Dada yangu Kemunto,

Kabla hujasoma mbali, keti. Kama umesimama mlangoni na kikapu cha majani chai mgongoni, kitue kwanza, maana barua hii si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Goti lako la kushoto bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Shemeji anaendeleaje na kifua? Na mama yetu, bado anafukuza kuku wa majirani akiwatukana kila mmoja kwa jina la mwenyewe? Mimi huku Minnesota ni mzima. Nakula, nalala, nguvu ninazo za kubeba gunia. Ila moyo haujakaa mahali pake, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini karatasi na simu iko. Kwa simu nakujua, dada. Nikifika tu mahali pazuri unasema, "Zakaria, wacha hizo," halafu unampa mama simu. Karatasi haikatwi maneno katikati. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii mimi nakiongea kama maji ya mto Gucha, lakini kukiandika hakuna mwalimu aliyenifikisha. Darasa la saba niliachia njiani, wewe ndiwe ulinitafuta ukanikuta nimekaa na wachonga mawe.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu: naangalia mzee. Sikuwahi kukueleza vizuri kwa sababu kila nikianza ulisema nimeweka chumvi. Mzee mwenyewe anaitwa Harold, na ni mkubwa kuliko mama. Ujana wake wote alikuwa rubani wa vile vindege vidogo vya kunyunyizia mahindi dawa, vinavyopita chini mpaka mkulima analala kifudifudi. Mke wake alishakufa. Mikono yake sasa inatetemeka kama jani la mgomba, na jicho la kulia limefifia. Mtoto ni mmoja tu, binti anaitwa Linda, mama mtu mzima, anaishi mji mwingine na huja kila Jumapili.

Sasa mzee huyu ana ndege ndani ya nyumba. Usicheke. Nyumba za huku zina chumba kingine chini ya ardhi, na huko chini kuna kiti, usukani, pedali za miguu, na skrini tano zimemzunguka mbele kama watu wanaoota moto. Ukiwasha kompyuta unaona anga, mawingu, barabara, mashamba. Ukivuta usukani dunia inashuka na tumbo linabaki chini. Siku ya kwanza aliponikalisha hapo nilishika kiti kwa mikono miwili nikamwita Nyasae, Mungu wetu, kwa sauti, na kiti chenyewe kimefungwa sakafuni kwa skrubu. Siku ya pili nilikuwa nimeshazoea. Siku ya tatu tulienda Kisii. Ndiyo, tulienda. Milima iko palepale, ni kijani tu, lakini Marani hawakuchora hata paa moja, kwa hiyo nikashindwa kumwonyesha kwetu. Nilimwonyesha kilima kimoja nikasema chote ni shamba la baba yangu.

Basi kazi iliyonifanya niwe mtu katika nyumba ile ni hii. Ndege ina saa nyingi za mishale. Moja inasema uko juu kiasi gani, moja inasema unaenda mbio kiasi gani, moja mafuta, hivyo hivyo. Kwenye kompyuta kila saa ni dirisha lake. Unalishika na kipanya, unalivuta, unalipeleka kwenye skrini unayotaka, unalikuza mpaka mzee aweze kulisoma. Hapo sawa. Shida ni kwamba kompyuta ile haina kumbukumbu ya usiku. Ukiizima leo, kesho unakuta madirisha yote yamerundikana kwenye skrini moja, moja juu ya lingine, kama watoto waliolala kitanda kimoja siku ya matanga. Wakati mwingine dirisha linaenda kujificha mahali pasipo na skrini kabisa: kompyuta inasema liko, macho yanasema haliko. Na Mzee Harold kwa ile mikono yake hakuweza kipanya. Alikuwa akivuta saa ya mwendo inaanguka katikati ya mawingu. Kwa hiyo kila asubuhi, akishakunywa uji na dawa, mimi nilishuka chini nikampangia. Nasema bila kujisifu, dada: hakuna mtu wa Kitutu Chache, aliye hai au aliyekufa, ambaye amepanga saa za ndege kuliko mimi.

Lakini kukumbuka kila moja inakaa wapi, hapo nilitumia akili ya nyumbani. Majina yake ya Kizungu yalinikataa. Nikaifanya ndege boma. Saa ya kimo nikaiita Mzee wa Boma, maana yeye ndiye anajua tumefika wapi. Saa ya mwendo nikaiita Kijana, haina subira. Ile yenye buluu juu na kahawia chini, inayokuonyesha kama ndege imelala upande, nikaiita Mama, kwa sababu nyumba ikiinama yeye ndiye anaisimamisha. Saa ya mafuta nikaiita Nyanya. Haina haraka na mtu, inakaa tu palepale, inashuka polepole mpaka siku yake. Na ile inayoonyesha unapanda au unashuka, na kwa kasi gani, nikaiita Mke wa Mwana. Nani mwingine hupanda na kushuka mlima kutwa nzima, mtungi kichwani?

Mzee Harold aliupenda mchezo huo kuliko chakula. Alikuwa akiniita kutoka juu kwenye ngazi:

"Zak! Boma limeamka?"

"Limeamka lote, isipokuwa Kijana. Hajulikani alipolala."

"Mtafute huyo mpumbavu! Na Mke wa Mwana?"

"Yuko mtoni."

"Mwambie aharakishe, nataka kupaa."

Mzungu mzima, dada, anamwulizia mke wa mwana kama mtu wa Marani. Nilijivuna sana.

Sasa hapa ndipo pana jambo lenyewe, na nakuomba usome polepole. Mahali pa Mke wa Mwana palikuwa chini ya Mzee wa Boma, wamegusana. Mzee Harold mwenyewe ndiye alinionyesha hivyo mwanzoni. Rubani akitua huangalia hizo mbili kwa mtupo mmoja wa jicho: niko juu kiasi gani, nashuka kwa kasi gani. Mimi nilikuwa natii, lakini kila asubuhi nilipomsukuma mke wa mtu mpaka chini ya kidevu cha baba mkwe wake, mkono ulikuwa mzito. Ensoni, dada. Wewe na mimi tumelelewa katika heshima hiyo. Mkwe na mke wa mwana hawagusani, hawakai kiti kimoja. Mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Unakumbuka mvua ile iliyompiga baba yetu, Tata, akitoka sokoni? Alisimama nje chini ya ukingo wa paa la kaka yetu Nyakundi, maji yanamwagikia mgongoni, Moraa, mke wa Nyakundi, yuko ndani analia kwa aibu, na Tata anasema kwa sauti ya upole, "Niko sawa, mimi nasubiri tu ipite." Hakuingia.

Najua zile ni saa. Hata saa zenyewe si saa, ni picha za saa. Lakini ukishakipa kitu jina la mtu, kinaanza kukudai heshima ya mtu. Nikawa namsogeza Mke wa Mwana. Leo upana wa kidole, baadaye kiganja. Mzee hakulalamika, kwa sababu siku za kawaida alikuwa akizunguka tu juu ya tambarare za kwao, na huko hakuna sana cha kushukia.

Wakati huo wote, Jumapili Linda akija, mimi ndiye nilikuwa redio ya nyumba. Akiweka mkoba mezani anasema, "Haya, Zakaria, leo una nini?" Na mimi nilikuwa nacho daima. Nilimweleza habari ya lori la majani chai lililokatika breki kwenye mteremko wa Kenyenya nikalizuia kwa mgongo. Nilimweleza habari ya fundi wa Tabaka, aliyechonga kuku wa jiwe akafanana na kuku mpaka jogoo akaanza kumfuata.

"Na baadaye?" Linda akauliza.

"Baadaye yule kuku alitaga."

"Jiwe lilitaga?"

"Yai moja tu. Gumu, lakini lilikuwa yai. Mimi mwenyewe nililishika."

Alicheka mpaka akafuta macho na kitambaa cha vyombo. "Zakaria," akasema, "wewe ndiye mwongo mzuri kuliko wote niliowahi kukutana nao."

"Asante," nikasema.

Nikasema asante, dada. Naiona siku ile kila nikifumba macho.

Baridi ilipoanza, mzee alisahau sufuria kwenye jiko la stima ikaungua mpaka ikawa nyeusi. Mimi nilikuwa nje nasukuma theluji mlangoni. Hakuna kilichoshika moto, lakini Linda alipokuja akaiona sufuria, na mazungumzo yakawa mengine.

"Baba, huoni tena."

"Naona."

"Huoni jiko."

"Jiko nililisahau. Kusahau si kutoona."

"Kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na kwangu. Wana wauguzi, wana bustani."

"Bustani ninayo."

Wakavutana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe mzee akapiga meza na kile kiganja chake kinachotetemeka. "Njoo Jumapili ijayo," akasema. "Nitapaa mbele yako. Nitazunguka shamba letu la zamani, nitatua kwenye nyasi nyuma ya nyumba, pale mama yako alikuwa anaanika shuka ili nijue upepo unatoka wapi. Peke yangu, bila mtu kuniambia neno. Nikitua, naishi katika nyumba yangu. Nikishindwa, sanduku nitalifunga mwenyewe."

 Linda si mwanamke mbaya, usimfikirie hivyo. Anaogopa tu kuja Jumapili moja akute majivu. Akasema, "Sawa. Ukitua, sitalitaja jambo hili tena mpaka mahindi yavunwe. Zakaria, wewe ni shahidi."

"Mimi ni shahidi," nikasema, kifua mbele.

Wiki ile mzee alikuwa kama kijana anayeenda kuposa. Alikata nywele. Aliniagiza nimtafutie koti lake la ngozi la zamani, likawa kubwa kwake, akalivaa hivyo hivyo. Jumapili asubuhi, Linda yuko juu anamnyoa ndevu, mimi nikashuka chini kupanga boma. Nikakuta madirisha yote yamerundikana kama kawaida. Nikaanza. Mama katikati, Kijana kushoto kwake, Mzee wa Boma kulia. Nikafika kwa Mke wa Mwana.

Wewe unajua, dada, boma huwa boma siku ya mgeni. Siku za kawaida watu hupitiana, hata kuku anaingia mezani. Lakini mgeni akija, kila mtu anakumbuka mahali pake. Na leo mgeni ni binti wa mwenye nyumba, atakaa nyuma yetu akitazama. Mimi nitamwonyeshaje mkwe na mke wa mwana wamebanana namna hiyo? Nikamchukua Mke wa Mwana nikampeleka mpaka skrini ya mwisho, kule kulia, akae peke yake, jinsi mke wa mwana mwenye adabu anavyokwenda jikoni wakati baba mkwe ana wageni. Na pale alipotoka, chini ya Mzee wa Boma, pasibaki wazi, nikamweka Nyanya, ile saa ya mafuta. Nyanya hana ensoni na mtu, anakaa popote. Nikarudi nyuma nikatazama. Haki ya Mungu, lilikuwa boma zuri. Nikajisifu kimoyomoyo.

Nilitaka kumweleza mzee. Lakini alishuka ngazi ameshikwa mkono na Linda, na Linda akasema palepale, "Kuanzia sasa hakuna kumsaidia." Nikanyamaza. Nikajiambia ataona.

Akapaa, dada. Ungemwona. Ile mikono ikishika usukani ilikuwa haitetemeki sana, sijui kwa nini, labda ilikuwa inakumbuka. Akainua kile kindege juu ya mashamba, akakizungusha, akawa anamwonyesha Linda: pale ndipo ulipoanguka na baiskeli, pale kulikuwa na ghala la babu yako. Linda alikuwa amesahau kukunja uso. Akaweka mkono begani kwa baba yake. Nikasema moyoni, imekwisha, tumeshinda.

Akageuza aanze kutua. Nikamwona anatupa jicho palepale alipozoea, chini ya Mzee wa Boma. Pale alikuwa Nyanya. Mshale wake umetulia, hausogei.

"Tunashuka taratibu," akasema.

Hatukuwa tunashuka taratibu. Kule skrini ya mwisho, upande wa lile jicho lake bovu, Mke wa Mwana alikuwa amejitupa mlimani, mshale umefika chini kabisa. Mimi nilimwona. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii ninayoandikia. Nikisema neno, mzee amesaidiwa na ameshindwa. Nisiposema, anaanguka na ameshindwa. Kinywa kilifunguka hakikutoa kitu. Mimi, dada! Mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe. Miti ikainuka kabla ya nyasi. Skrini zote zikawa nyeusi.

Ikabaki sauti ya zile feni ndogo za kompyuta. Mzee akaweka mikono magotini, ikaanza kutetemeka tena.

"Basi," akasema. "Ni macho."

Hapo ndipo ulimi ulirudi. Nikamwambia Linda yote. Nikasema si macho, ni mimi. Nikamweleza boma, Mzee, Mke wa Mwana, ensoni, mgeni, Nyanya, kila kitu kama nilivyokuandikia hapa, na nilikuwa nasema haraka mpaka Kiingereza kikaniishia nikamalizia na chetu. Linda alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa analia kidogo. Akanishika mkono.

"Zakaria, una roho nzuri. Asante kwa kujaribu."

"Sijaribu! Ni kweli!"

"Ulisogeza saa kwa sababu inamwonea haya mkwe wake?"

"Ndiyo!"

Akatabasamu, lile tabasamu la mtu kwenye matanga. "Nikikuamini hapo, itabidi niamini na lile yai."

Nikamgeukia mzee. Nikamwambia, mwambie, wewe unajua majina, wewe unajua boma. Lakini mzee ni mtu wa kiburi, na kiburi cha rubani ni kibaya kuliko changu. Akasema, "Hata kama aliisogeza, Linda, rubani husoma saa. Hasomi mahali." Akasimama, akapanda ngazi peke yake akishika ukuta.

Nikasema ngoja, nitawaonyesha, wataona kwa macho. Lakini Linda alikuwa ameshazima kompyuta, kwa ule uchungu. Nikaiwasha kwa haraka. Madirisha yote yakaja yamerundikana kwenye skrini moja. Ushahidi wangu wote ukawa rundo.

Sanduku alilifunga mwenyewe kama alivyosema. Mimi niliruhusiwa kulifunga zipu tu.

Naenda kumwona kila Jumatano. Ni nyumba safi, siwezi kuwasema vibaya, wasichana wa huko wana mikono mipole. Lakini kikombe chake leo kimewekwa huku, kesho kule, na nakiona kile kiganja kinapapasa meza. Nyumbani kwake alikuwa akinyoosha mkono gizani anashika chumvi. Mtu akikuhamishia chumvi hujawa kipofu. Hilo ndilo nilitaka kumwambia Linda siku ile na sikulipata.

Wiki iliyopita aliniuliza, "Zak, boma linaendeleaje?"

"Limelala."

"Liache lilale," akasema, akageukia dirisha.

Mimi bado niko katika nyumba yake, nafunga vitu kwenye maboksi. Theluji ikiyeyuka, nyumba inauzwa. Nilimpigia Linda nikamwomba amjaribu baba yake mara moja tu, saa zikiwa mahali pake. Linda si mgumu. Alisema alitafuta kwenye simu yake akakuta kweli Wakisii wana heshima ya namna hiyo. "Lakini kuwepo kwa desturi," akasema, "hakuniambii kwamba wewe ulisogeza saa kwa ajili yake. Nitafutie mtu mmoja anayekujua vizuri, asiyekuogopa wala kukubembeleza. Akiniambia wewe ni mtu wa kufanya kitu kama hicho, nitamrudisha baba kwenye kile kiti." Nikaenda kwa watu wetu wa hapa, tunaosali nao Sabato. Mzee wa kanisa akasema desturi ataieleza hata kwa saa nzima, lakini kwamba mtu ameionea mashine haya, hilo hawezi kuliapia. Na jinsi alivyonitazama nikajua kuku wa Tabaka ameshamfikia.

Kwa hiyo ni wewe, dada. Hakuna mwingine. Ni wewe uliyekuwepo baada ya kumzika Tata, watu wamejaa nyumbani kwa mama, mchungaji anaomba, na mimi nikapanda kwenye kigoda katikati ya maombi nikaishusha picha ya Tata ukutani, kwa sababu mtu aliitundika imegusana na picha ya Moraa wa Nyakundi. Ulinivuta shati. Ulisema, "Wewe Zakaria! Picha haioni!" Nikakuambia, "Picha haioni, lakini mimi naiona." Ukanitukana mbele ya wakwe wa Kenyenya. Mama hakuirudisha, iko upande wa dirisha hadi leo. Hebu mwandikie Linda hilo. Andika kwa mkono wako, halafu Bosibori wako, maana ndiye anafundisha Kiingereza, akutafsirie. Asilipambe. Aliandike kama ulivyolisema, na matusi yake.

Nilichopoteza si kazi, kazi ya kuangalia wazee huku ni nyingi kama ndizi. Najuta kwamba maisha yangu yote nimefurahisha watu kwa maneno, na siku mtu mmoja alihitaji neno langu lisimame, halikuwa na miguu.

Msalimu shemeji, mwambie lile koti la kifua nimelipata na litakuja na mtu. Msalimu kaka Nyakundi na Moraa, ila Moraa usimweleze habari ya picha, ataona aibu upya. Msalimu Bosibori na wadogo zake, waambie mjomba wao bado ana nguvu. Msalimu jirani yetu fundi wa baiskeli, na yule mama wa kwaya mwenye sauti ya chini. Mama umsomee barua hii, lakini pale mzee anapofunga sanduku papite. Mwambie tu mzee yuko safarini.

Najua chai iko mashambani na mkono umechoka, lakini usingoje. Linda atakuuliza kama mimi ni mwongo, maana hilo ndilo atauliza kwanza. Usinifunike, Kemunto. Usiseme "huyo ni mcheshi tu" kama unavyowaambiaga wageni. Mwambie ndiyo, ni mwongo, tangu akiwa mdogo, na nimemchapa kwa sababu hiyo. Mwambie ndiyo, halafu umweleze habari ya picha.

Ndugu yako mdogo,

Zakaria